Masizi na Doa Jeusi: Kwa Nini Paka Unayemjua Hatokei Kwenye Picha

Nyumbani kwetu Uyole, Mbeya, kuna paka jike anaitwa Masizi. Jina alipewa na mama siku alipomkuta nyuma ya mafiga, mdogo wa kutosha kulala ndani ya kata, mweusi kiasi kwamba hatukuweza kusema manyoya yanaishia wapi na masizi ya jiko yanaanzia wapi. Tukamfuta kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Akabaki mweusi vilevile.

Wiki ile ya kwanza nilimpiga picha 60, na karibu zote nikazifuta. Hazikuwa na paka. Zilikuwa na doa jeusi juu ya gunia la mahindi, na ndani ya doa taa mbili za kijani. Moja nilimtumia dada yangu aliyeko Iringa, akauliza ni kofia ya nani hiyo imeanguka. Mimi nilikuwa nimemwona Masizi akiwa amekunja mikono chini ya kifua, sharubu zimesimama, sikio moja limegeukia mlangoni ambako kuku walikuwa wanapita. Hayo yote hayakufika kwenye picha.

Watu wengi wakifika hapo hulaumu simu, wakaanza kuulizia bei ya simu kubwa zaidi. Nimekuwa nikipiga picha za paka wa mtaani kwetu kwa miaka kadhaa sasa, nyingi kwa simu ya kawaida yenye ufa kwenye kioo, na nimeridhika kwamba simu si shida kubwa. Yako mambo matatu yamefungamana: namna kamera inavyopima mwanga, namna paka mwenyewe alivyoumbwa, na namna sisi tunavyomwendea. Ukiyafungua moja moja, paka anaanza kutokea.

Kamera haijui paka ni nini. Inachopima ni mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu kilicho mbele yake, na kwa kuwa haina njia ya kujua kama kitu hicho ni mkaa au ni chokaa, imewekewa kanuni ya kukisia: kwamba ulimwengu, ukiuchanganya weusi wake na weupe wake, hutoa kijivu. Katika hesabu ya wapiga picha tangu zamani, kijivu hicho ni kile kinachorudisha asilimia 18 hivi ya mwanga unaokiangukia. Kipimo cha kamera hujitahidi kuivuta kila picha ifike hapo. Kwa ukuta wa tofali za kuchoma, kwa majani ya mgomba, kwa nyuso za watu wengi, kisio hicho hakiendi mbali na ukweli. Kwa Masizi kinakosea, tena kinakosea kwa njia mbili zinazopingana, ndiyo maana watu huchanganyikiwa.

Akiwa karibu sana hata amejaza picha nzima, kamera inaona giza tupu na kusema hapa pamekosa mwanga. Inauongeza. Masizi anatoka wa kijivu kama majivu ya juzi, na nyuma yake kila kitu kimechomwa kwa weupe. Lakini akikaa mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, kamera inauona ukuta kwanza kwa sababu ndio mkubwa, inasema hapa mwanga umezidi, inaupunguza. Ukuta unakuwa wa kijivu kizuri, na Masizi anazama. Lile doa lililomfanya dada yangu aone kofia lilitokana na ukuta mweupe. Paka mweupe yeye hupata kinyume chake: juu ya gunia jeusi la mkaa huwaka mpaka hana pua wala macho, na akiwa kwenye shuka jeupe hugeuka rangi ya maji ya kuoshea vyombo.

Dawa yake iko kwenye simu nyingi na haihitaji bando. Gusa kwa kidole uso wa paka kwenye kioo. Kitatokea kiduara au kisanduku, na pembeni yake alama ndogo ya jua. Ukiivuta alama hiyo chini picha inaingia giza, ukiipandisha inaongezeka mwanga. Paka mweusi aliyejaza picha, lishushe jua kidogo ili arudi kwenye weusi wake. Paka mweusi mbele ya chokaa, lipandishe, hata kama ukuta utapotea kwa weupe. Hukuja kupiga picha ya ukuta. Ukibonyeza kwa muda mrefu badala ya kugusa tu, simu nyingi hufunga kipimo hapo hapo kisihamehame paka anaposogea.

Nina kipimo changu cha kujua kama nimefika: sharubu. Paka ana sharubu takriban 12 kila upande wa mdomo, zimejipanga mistari minne. Kwa baadhi ya paka weusi huwemo nyeupe. Ikiwa katika picha ninaweza kuzihesabu, na papo hapo naona manyoya ya shavuni yamelalia upande gani, basi mwanga uko sawa. Nikiona sharubu bila manyoya, bado ni giza. Nikiona manyoya lakini sharubu zimevimba kama nyuzi za pamba, nimezidisha.

Kuna jambo nililigundua baada ya hapo, na lilinifurahisha mno. Masizi si mweusi. Jua la asubuhi likimpiga ubavuni anakuwa na kahawia ya kahawa ya Mbozi iliyokaangwa, na chini ya hiyo kahawia kuna mistari hafifu, kama kivuli cha mistari ya paka wa milia. Paka weusi wengi wanayo mistari hiyo iliyofichwa. Huonekana tu kwenye mwanga unaofaa. Nilikaa naye mwaka mzima kabla ya kuiona, na sikuiona kwa macho yangu, niliiona kwenye picha.

Mwanga wa huku kwetu una tabia zake, na mafunzo mengi ya picha yaliyoandikwa nchi za mbali hayatufai moja kwa moja. Kwanza saa. Mbeya iko magharibi kuliko Dar es Salaam lakini saa zetu ni zilezile, kwa hiyo jua hufika katikati ya anga letu kati ya saa 6:30 na saa 7 mchana. Mwezi Juni halichomozi mpaka karibu saa 1 asubuhi. Katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari hupita utosini kabisa, na saa hizo kivuli cha paka hujificha chini ya tumbo lake mwenyewe. Paji la uso linang'aa na macho yanaingia kwenye mashimo. Hakuna alama ya jua itakayokuokoa hapo. Mwache paka alale, na wewe ukale.

Mwanga mzuri kwetu ni ule ambao watu wanaulalamikia. Juni na Julai, Uyole ikifunikwa na ukungu mpaka saa 3 au saa 4, na watu wamejifunga mablanketi wakingoja daladala, ndipo manyoya meusi yanapopigika. Jua kali ni kama tochi moja: linawasha upande mmoja na kuua upande wa pili. Ukungu na wingu huusambaza mwanga ule ule uje kutoka kila upande, kama taa iliyowekwa nyuma ya shuka, na vivuli vinalainika. Wenzetu wa Tukuyu, ambako mvua haina msimu wa kupumzika kama kwetu, wana mwanga wa namna hiyo kwa wingi na sijui kama wanajua walichojaliwa. Mama yangu mkubwa huko anaye paka wa rangi ya chungwa, na kila picha aliyopigwa kibarazani mvua ikinyesha imetoka vizuri bila mtu kufikiri chochote.

Ndani ya nyumba ni habari nyingine. Jiko la kuni lenye kuta zilizoshika moshi hunywa mwanga. Unaoingia kwa mlango haurudishwi na chochote. Paka wetu wengi ndipo wanapokaa, hasa wakati wa baridi, pembeni ya mafiga. Hapo mlango ndio taa yako. Mweke paka (yaani mngoje, maana hawekeki) akae hatua moja au mbili kutoka mlangoni, wewe simama upande ili mwanga umpige ubavuni, usiwe mgongoni mwake. Ukirudi ndani hatua tatu nne zaidi, mwanga unakuwa umeshaporomoka sana, hata kama jicho lako halikwambii. Na ule upande wa giza tandika kiroba cheupe cha unga ukutani au kwenye kiti. Kitarudisha mwanga kwenye shavu lililokuwa limezama. Studio za mjini hufanya kazi hiyo kwa vitambaa vya rangi ya fedha vya bei kubwa. Kiroba kinatosha.

Sasa zile taa mbili za kijani. Nyuma ya retina ya paka, yaani utando wa ndani ya jicho unaonasa mwanga, kuna tabaka linalong'aa kama bati jipya. Mwanga uliopita kwenye retina bila kunaswa hugonga tabaka hilo na kurudishwa ili unaswe mara ya pili. Kwa sababu hiyo, pamoja na mboni inayoweza kufunguka sana, paka huona kwenye mwanga ambao ni kama sehemu moja ya sita ya ule tunaouhitaji sisi. Mwanga unaobaki hutoka tena kupitia mboni, njia ile ile ulioingilia. Flashi ya simu iko sentimita moja au mbili kutoka kwenye lenzi, kwa hiyo unachotuma kinarudi moja kwa moja kwenye kamera. Binadamu hatuna tabaka hilo. Flashi ikitupiga, kinachorudi ni wekundu wa damu iliyo nyuma ya jicho. Paka wengi wenye macho ya bluu nao hurudisha wekundu kama wetu.

Kwa hiyo zima flashi. Hakuna marekebisho ya baadaye yatakayorudisha jicho lililofunikwa na taa. Mboni ya paka ni nusu ya sura yake: kwenye mwanga mwingi ni mstari mwembamba wa wima, jioni ni duara jeusi linalokaribia kujaza jicho lote, na mtu anayemjua paka wake huisoma hiyo kabla ya kusoma kitu kingine.

Naliweka hapa jambo ambalo halihusu kamera peke yake. Huku kwetu, na si huku tu, paka mweusi anabebeshwa mambo ya kichawi. Mtu anatoka chooni usiku na tochi, anakutana na macho mawili yanayowaka juu ya ukuta, asubuhi mtaa mzima umesikia. Macho hayo hayawaki yenyewe. Kwenye giza kamili hayang'ai hata kidogo, kwa sababu hakuna cha kurudisha. Aliyeyawasha ni mwenye tochi. Na kile kilio cha mtoto mchanga saa 8 za usiku nyuma ya nyumba mara nyingi ni jike anayetafuta dume, au madume mawili yanayotishana. Nimeona paka wakipigwa mawe kwa ajili ya mambo haya mawili. Ndiyo sababu picha nzuri ya paka mweusi, yenye jicho linaloonekana kama jicho, kwangu si mapambo.

Kuhusu mwendo nitasema kwa kifupi. Picha hukusanya mwanga kwa muda fulani, na jikoni muda huo unaweza kufika 1/15 ya sekunde. Paka akigeuza kichwa tu, uso unakokoteka. Aliyekaa anahitaji karibu 1/125, anayecheza 1/500, anayeruka haraka zaidi ya hapo. Simu za Android nyingi zina sehemu ya kuchagua muda huo mwenyewe. Ile hali ya usiku inayosifiwa sana kwenye matangazo huunganisha picha kadhaa zilizopigwa mfululizo kuwa moja, kwa hiyo inamfaa paka aliyelala fofofo tu. Kwa bahati nzuri paka hulala saa 12 mpaka 16 kwa siku.

Ugumu huu ni wa zamani. Miaka ya 1870 mpiga picha mmoja wa Brighton, Uingereza, Harry Pointer, alianza kwa kupiga picha za paka wakinywa maziwa na kulala kwenye vikapu. Baadaye akaona kwamba akiwapanga katika mikao ya kuchekesha na kuandika maneno chini ya picha, watu wananunua zaidi. Kwa hiyo paka mwenye maneno chini yake ana umri wa miaka 150 hivi. Mwaka 1894 Mfaransa Étienne-Jules Marey alimwangusha paka miguu juu, mgongo chini, mbele ya kamera yake ya mfululizo, na watu wakaona kwa mara ya kwanza kilichokuwa kinakwenda haraka kuliko jicho: paka hugeuza kwanza nusu ya mbele ya mwili, kisha ya nyuma inafuata, akatua kwa miguu. Usimwangushe wako. Picha zipo tayari.

Yuko mwingine ambaye Mtanzania anapaswa kumjua. Mjapani Mitsuaki Iwago aliishi Serengeti na familia yake mwanzoni mwa miaka ya 1980 akipiga picha za simba na wanyama wengine. Leo anajulikana sana kwao kwa paka wa majumbani na wa mitaani. Tangu 2012 anaonekana kwenye televisheni ya NHK akizunguka dunia kuwatafuta. Ukimtazama anavyofanya, hasimami. Anachuchumaa, anajilaza, anaweka kamera mahali ambapo kidevu chake kinagusa ardhi, na anawasalimia paka kama mtu anayepiga hodi.

Hapo ndipo nilipojifunza kosa langu kubwa. Picha zangu zote 60 zilipigwa nimesimama. Kutoka juu paka ni mgongo na masikio mawili. Zaidi ya hayo, fikiria anachokiona yeye. Paka wa nyumbani ametokana na kimburu, paka wa porini ambaye mpaka leo yuko hapa hapa, hata kwenye hifadhi ya Ruaha upande wa Iringa. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa 2007 ulionyesha kwamba paka wote wa majumbani duniani wanatokana na kimburu wa Mashariki ya Karibu. Mnyama huyo ni mwindaji wa panya, lakini ni mdogo, naye anawindwa. Kitu kirefu kinachomjia kutoka juu, kikiwa na jicho moja la kioo lililomkazia, kina maana moja tu kwake. Ama ataondoka, ama atakaa huku masikio yamelala, na picha utakayopata ni picha ya paka anayekuogopa.

Kaa chini, basi. Kwenye mkeka, kwenye kigoda, popote macho yako yalingane na yake. Usimsogezee simu usoni: lenzi ya kawaida ya simu ni pana, na kitu kilicho karibu nayo sana huvimba, kwa hiyo pua inakuwa kubwa na masikio yanakimbilia nyuma. Rudi hatua moja, kuza mara mbili, sura inarudi ilivyo. Zima mlio wa kamera. Ukitaka akutazame, usimwite jina mara kumi. Kunja ganda kavu la hindi mkononi taratibu. Paka husikia sauti nyembamba zinazopita mara tatu kiwango cha juu cha sikio la binadamu, na mchakacho wa ganda una zile sauti ambazo panya huzitoa akipenya kwenye magunia. Masikio yatakuja mbele mara moja. Fanya mara moja au mbili tu, kwa sababu anajifunza upesi kwamba hakuna panya.

Kisha mfumbie macho polepole na uyafumbue polepole. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walionyesha kwamba paka hurudisha ishara hiyo kwa mwenye paka anayeifanya, na hata humkaribia mgeni anayeifanya kuliko asiyeifanya. Mimi nilikuwa nikimkazia Masizi kupitia simu. Nilipoishusha, nikamfumbia macho, nikangoja, alifumba ya kwake. Picha ya 61 ndiyo ya kwanza niliyoiweka.

Na hapa tunafika kwenye hadithi, ambayo naiona ngumu kuliko mwanga. Picha ya paka ikienda peke yake kwenye stetasi huishi saa 24 na kufa. Kinachobaki ni kile ulichosimulia. Lakini tukishaanza kusimulia tunamvika paka nguo zetu: amenuna, ana wivu, amejutia, ananidharau. Hayo ni maneno juu yetu. Mwili wake unasema kwa lugha nyingine na inasomeka. Mkia uliosimama wima kama mwanzi ni salamu. Masikio yaliyogeuzwa pembeni au kulazwa nyuma, na mboni pana ilhali kuna mwanga wa kutosha, ni hofu au msisimko mkubwa. Tumbo lililogeuzwa juu linasema anajihisi salama na wewe, halikualiki ulishike. Paka wazima hawaliliani nyau baina yao isipokuwa kwa nadra; sauti hiyo wameielekeza kwetu.

Mwaka 2015 zilienea video za paka wanaowekewa tango nyuma yao wakiwa wanakula, wakigeuka wanaruka juu kwa mshtuko. Mamilioni walicheka. Mtu anayejua kusoma masikio na mgongo hawezi kucheka, kwa sababu anamwona mnyama aliyetishwa mahali anapokula. Kila nikiletewa picha ya paka aliyevishwa kofia ya mtoto, natazama masikio kwanza. Mara nyingi yanajibu swali kabla sijauliza.

Hadithi nzuri ya paka naiandika kama shahidi. Linganisha: "Masizi wangu anafurahia maisha, jamani nampenda." Na hii niliyoiandika mwezi wa mavuno: "Leo asubuhi Masizi ameleta panya wa nne wiki hii. Kamlaza kwenye kizingiti cha stoo, kakaa pembeni, kamtazama mama mpaka mama akasema asante. Kisha akaondoka." Ya kwanza haina kosa, ila ingeweza kuwa ya paka yeyote. Ya pili ina mahali, ina hesabu, ina kitendo. Watu husema panya ni zawadi, na huenda ndivyo. Mimi sikuandika zawadi, niliandika kizingiti. Msomaji aliye Makambako au Njombe, mwenye stoo yake na panya wake, alielewa bila kuelezwa, na walionijibu walianza kunisimulia paka wao.

Kabla ya kutuma, mambo machache ya kuangalia. Simu nyingi huandika ndani ya faili la picha mahali ilipopigwa, kwa vipimo vinavyofika mpaka kwenye uwanja wako. WhatsApp huondoa taarifa hizo picha ikitumwa kama picha, lakini ikitumwa kama dokumenti zinakwenda nazo. Ni vyema kuzima kabisa kipengele cha mahali kwenye mipangilio ya kamera. Angalia nyuma ya paka pia: mtoto wa jirani akiwa na sare yenye jina la shule, daftari la madeni ukutani, mtu anayeoga kwenye uwanja wa pili. Paka ameridhia kuonekana kwa kadiri paka anavyoweza, hao hawajaulizwa.

Na usimpake dawa ya unga ya viroboto ili apendeze bila kusoma maandishi yake. Sisi wa nyanda za juu tunalima pareto, ua linalotoa dawa ya kuua wadudu, kiwanda kiko Mafinga, na watu hudhani kila kinachofanana na pareto ni salama. Permethrini, iliyotengenezwa kiwandani kwa kuiga kemikali za ua hilo na inayopatikana kwenye dawa za mbwa, ini la paka haliwezi kuivunja upesi, na inaua. Nimeshuhudia paka akitetemeka mpaka jioni kwa sababu hiyo. Ukikwaruzwa au kung'atwa na paka usiyemjua ukimpiga picha, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na uende hospitali siku hiyo hiyo, kwani kichaa cha mbwa hupitia kwa paka pia. Wako mpeleke achanjwe.

Piga vilevile picha ambazo hutaziweka popote: ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia, uso, mkia, na alama moja unayoijua wewe. Masizi ana mpasuo mdogo kwenye sikio la kushoto. Mwaka juzi alipotea siku sita. Nilisambaza picha zake zote isipokuwa ya sikio, na watu wawili waliponipigia kusema wamempata niliwauliza juu ya masikio. Wa pili alikuwa dereva wa lori la viazi. Alikuwa amemkuta kwenye magunia baada ya kufika Igawa, akamrudisha.

Jirani yetu wa upande wa chini alikuwa akimfukuza Masizi kwa fagio kila akikatiza uwanjani kwake. Sikumlaumu, na ameyasikia ya paka weusi tangu utotoni. Siku moja baada ya ile hadithi ya kizingiti alinisimamisha njiani. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hivi yule wa kwenye stetasi yako, anayekamata panya wa mama yako, ndiye huyu huyu?"

"Ndiye, mama."

Alinyamaza kidogo. "Sikujua ana macho mazuri vile."

Masizi alipozaa mwezi Machi, jirani huyo alikuja kuomba mtoto mmoja. Alichagua mweusi. Wiki mbili baadaye akanitumia picha: kiti cha plastiki cheupe, doa jeusi, taa mbili za kijani. Nilishuka kwake na kiroba cha unga mkononi, tukazima flashi, tukakaa wote wawili sakafuni karibu na mlango. Jumamosi iliyopita amenitumia nyingine aliyoipiga mwenyewe asubuhi ya ukungu. Nimehesabu sharubu za upande wa kulia. Ziko 12.